Nakala ya Sita

Nina duka Ngamiani,
printa mbili mlangoni,
na kibao cha zamani
kilicholiwa na juwa.

Huchapa hati za shamba,
barua za kwa mchumba,
mikataba ya majumba
na tanzia za wafiwa.

Mwezi wa tano, jioni,
akaingia Semeni,
flashi yake mkononi
na shungi limenyeshewa.

Huyu binti wa Mhina
wa Pongwe; simu za China
hufungua na kushona,
maiti zikapumuwa.

"Nichapie, ni mchoro,
usiingie kasoro."
Nikaona vichochoro,
mji usiopitiwa:

chipu sawa na kunguni;
ikiwekwa koronani
hupima mkonge ndani,
je, umekauka sawa?

Kwa mdomo wake mama
nyuzi zote alipima,
vumbi likampa homa,
likamkaa kifuwa.

Bombo akapigwa picha:
mapafuni zajificha
nyuzi nyeupe; akacha
kazi, na hakulipiwa.

"Nimeufanya hesabu
mdomo ule, kwa tabu,
kila waya na sababu;
sikufunzwa, sikupewa."

Nikamchapia tano,
akaaga kwa mkono;
ya sita, bila maneno,
kwenye mashine ikawa.

Hakusema niifute.
Nami, desturi ya wote,
huacha vilivyo vyote
hadi diski kulemewa.

Siku ya tatu yapita,
mtu wa suti kaita:
"Kuna mchoro nafwata;
laki moja utapewa."

Kodi ya fremu, miezi
mitatu, sina pumzi;
sikuita huo wizi,
nikaita: kujaliwa.

Nililipa nikabaki
na elfu kumi; samaki
changu nikala, na siki,
na ndimu nikakamuwa.

Mwezi wa kumi, shambani,
chipu ile mashineni,
nembo ngeni mgongoni
kama ng'ombe kachomewa.

"Twende," kasema, "wakili
Shekiondo, ni wa kweli;
wewe shahidi wa pili,
wa kwanza Mwenye kujuwa."

Feni juu likilia,
kurasa akapitia,
mwisho akatuambia
kwa sauti ya kutuwa:

"Programu ni maandishi,
kama utenzi; mzushi
akinakili, sitishi,
huweza kushitakiwa.

Hataza ni kazi nyingi:
ada, fomu, na msingi
uwe mpya; macho mengi
tayari yameujuwa.

Na mchoro wa saketi,
kifungu chake sipati;
si mashairi, si hati,
bado haujafikiwa.

Nasikia ng'ambo, Pemba,
kifungu wamekiumba;
huku kwetu ni kuomba
na kungoja kutungiwa."

"Kumbe," kacheka, "mdomo
wa mama una kipimo,
sheria haina somo
mpaka ukighaniwa!

Na yule aliyeuza?"
Semeni akauliza.
"Kosa," kasema, "naweza
kuliona; halijawa."

Nilipaswa kufurahi.
Kwa sheria ni sahihi,
kwa nini basi wajihi
kama moto umetiwa?

Nikataka nitamke
"Ni mimi," nipumzike;
wakili muhuri wake
kapiga: *Imelipiwa*.

Tukashuka. Hakusema.
Njiani akasimama,
macho yake yakapima;
kama mkonge nikawa.

Juzi karudi na flashi
nyingine. Hana ubishi.
Kwenye kona, maandishi
madogo mfano chawa:

jina la mama, na mwaka
wa kifo. "Ukishatoka,
futa." Akanizunguka,
nyuma yangu akakawa.

Nikabonyeza. Mashine
ikaleta, tulione,
swali, wala si jingine:
"Hakika, unaondowa?"